Piano Iliyotiwa Grisi kwa Ratiba

Wiki iliyopita binti mmoja, kiongozi wa kwaya, alikuja kwangu kwa pikipiki kutoka Endasak. Aliniamkia vizuri, akapokea chai, kisha akauliza swali lililonifanya niweke kikombe changu chini.

"Bibi, piano ya kanisani kwetu inalia kwii kwii. Wazee wa kanisa wanauliza, tutie oili ya pikipiki au mafuta ya alizeti?"

Nilimjibu kwamba watie maombi, na wasitie kitu kingine chochote mpaka nifike. Alicheka akidhani namtania. Alipoondoka nikaona bora niyaandike haya, kwa sababu magoti yangu siku hizi hayapandi pikipiki, na ninyi vijana mnazidi kurithi piano kutoka kwa wazungu waliohama na mapadri waliozeeka.

Naitwa Veronika. Kazi yangu ilikuwa kutuni piano, yaani kulinganisha sauti zake, na kuzitengeneza, Mbulu na Hanang. Ukikusanya piano zote za wilaya hizi mbili wakati ule, zingeenea kwenye trela moja la trekta na ikabaki nafasi ya mbuzi. Watu huniuliza niliishije kwa kazi kama hiyo. Niliishi kwa sababu hizo chache zilizokuwepo zilikuwa zinaharibiwa kwa bidii kubwa sana.

Nilifundishwa na Sista Amabilis, mtawa mfupi, mkali, mwenye mikono kama ya seremala. Mimi nilikuwa mfagiaji pale misheni, Mbulu mjini. Siku moja nilimwambia kwamba ile piano ya ukumbini ina sauti moja inayonikera kama jiwe kwenye kiatu. Aliniangalia kwa muda mrefu, akanipokonya ufagio, akanipa spana. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa upya. Usaili wenu wa siku hizi unachukua siku mbili na vyeti vinane, na mwisho wanamchukua mpwa wa bosi.

Sikilizeni jinsi piano ilivyo. Ukibonyeza kibao kimoja, nyundo ndogo iliyovikwa sufu inapiga nyuzi za chuma, na kwa sauti nyingi nyuzi hizo ni tatu. Tatu hizo zinatakiwa kusema neno moja. Zikitofautiana kidogo tu, utasikia sauti inatetemeka: wa-wa-wa-wa. Fundi anaweka spana kwenye pini iliyoshika uzi, anazungusha kidogo sana, kama mtu anayempapasa ng'ombe asiyemzoea, mpaka mtetemo upungue, upungue, uishe. Na pini yenyewe haina nati wala gundi. Imepigiliwa kwenye ubao mgumu, na kinachoishika ni ubishi wa ule ubao tu. Ubao ukiacha kubisha, huna piano, una kabati.

Hayo Sista aliniambia siku ya kwanza. Mwezi wa pili, yeye akiwa safarini Dongobesh, nikasikia pini zinalia nilipokuwa nikizizungusha. Nikaona huruma. Nikaenda jikoni nikachukua samli nzuri ya kwetu, nikapaka pini kumi na mbili, na nikajisifu. Baada ya wiki nyuzi zote za pini zile zililegea, na panya wakahamia ndani na familia zao.

Sista aliporudi alifungua mfuniko, akanusa, akauliza, "Veronika, nani amekaanga piano?"

Nililia, nikamwonyesha kopo la samli. Mchana ule Padri akauliza mezani kwa nini piano imekuwa mbaya vile. Nilikuwa nimeshika bakuli la supu, nikangoja nifukuzwe. Sista akasema, "Nilikosea, Padri. Nitaitengeneza," akaendelea kula. Tulikaa wiki mbili tukizitoa pini zile, tukisafisha kila tundu kwa kitambaa na petroli, tukizungushia kipande chembamba cha karatasi ya msasa, na kuzipigilia upya. Hakunitukana hata mara moja. Alipozeeka akarudi kwao, aliniachia ile spana na uma wa sauti, kile chuma kidogo cha kupimia sauti, na sikupata mwalimu mwingine tena.

Sasa twende kwenye mashamba ya ngano.

Ninyi hamkuyaona yale mashamba ya serikali katika ubora wake. Ukitoka Haydom ukishuka kuelekea Basotu, ngano ilianzia puani mwako ikaishia kwenye miguu ya Mlima Hanang. Trekta zilikuwa kubwa kuliko nyumba tulizozaliwa. Kabla ya hapo nchi ile ilikuwa malisho ya Wamang'ati, ambao wenyewe hujiita Wadatoga, lakini kwenye ramani za ofisini iliandikwa "eneo lisilotumika." Wataalamu wa kigeni walikuja na mashine, wakajenga nyumba na klabu, na mke wa mmoja wao akaleta piano. Mkataba ulipoisha waliondoka. Piano haikupata nafasi kwenye mizigo, ikawa mali ya umma.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwa sababu mali ya umma lazima iandikishwe. Mtunza stoo alikuwa na daftari lenye kurasa nne: Majengo, Samani, Mifugo, Mitambo. Akaizunguka piano. Ina magurudumu. Ina pedali. Ina uzito wa injini. Akaiandika kwenye Mitambo, akachukua rangi nyeupe na brashi, akaandika ubavuni mwake: 114. Na kila mtambo, kwa amri, ulikuwa na kadi ya matengenezo.

Mimi nilikuwa sijui lolote juu ya hayo. Nilikuwa Mbulu na kazi zangu, Land Rover ya shamba ikaja kunichukua Jumatatu asubuhi kama vile kuna mgonjwa. Tulifika saa nane mchana, nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Meneja alinipokea mlangoni mwa klabu. Alikuwa mtu mnene, msafi, aliyesoma kozi nchi za nje, na alipenda kuongea kama anayewasomea wapiga chapa barua.

"Mama fundi, karibu sana. Jumamosi tunapokea mgeni wa heshima kutoka Dar es Salaam. Kwenye ratiba kuna burudani ya piano, dakika ishirini. Mpigaji ni mimi mwenyewe."

"Hongera, Meneja. Utapiga nini?"

"Wimbo wa dansi niliojifunza kule kozi."

"Upi mwingine?"

"Huo."

Nikafungua mfuniko. Wanangu, nimeona piano ikiwa na mchwa, na kuku, na hati ya ndoa ya mtu. Sikuwa nimewahi kuona piano yenye grisi. Ile grisi ya njano ya trekta, imejazwa juu ya kila pini, ikatiririka mpaka kwenye nyundo, na nyundo zikashikamana kama meno ya mtu aliyekula ubuyu. Ndani ya mlango ilikuwa imebandikwa kadi: "Mtambo 114. Kila baada ya saa 250, grisi nukta zote." Chini yake saini ya Meneja na mhuri.

Nikaomba kumwona aliyefanya kazi ile. Akaja mkuu wa karakana, Fundi Selemani, mtu wa Katesh, mwembamba, ovaroli ya kazi imepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa na fahari yake.

"Dada, nukta ni nyingi sana kwenye mashine hii. Zaidi ya mia mbili. Lakini sijaruka hata moja."

"Naona, kaka. Hukuruka."

"Niliandika barua kuuliza, maana niliona hakuna mahali pa bomba la grisi. Nikajibiwa, 'Fuata ratiba.' Nikatumia kijiko."

Nilipomweleza kazi ya ule ubao na zile pini, aliketi juu ya kreti la soda. Uso ulibadilika kabisa. Unaweza kuishi na mtu aliyeharibu kwa uvivu. Lakini huyu alikuwa ameiharibu kwa uaminifu, kijiko kwa kijiko, miaka miwili.

Meneja aliposikia habari, hakuangalia kadi. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama, andika ripoti. Andika kwamba piano imehujumiwa na karakana."

Ninyi leo mnatumia neno hujuma kwenye mpira, timu ikifungwa. Wakati ule mtu akiitwa mhujumu, alifuatwa na gari, na watoto wake waliulizwa shuleni. Selemani alikuwa na watoto sita. Nikakumbuka bakuli la supu na Padri akiuliza.

"Nitaandika ripoti, Meneja," nikasema. "Lakini nitaiandika nikimaliza kazi."

"Itapona kufikia Jumamosi?"

"Haiwezi kupona. Lakini twende klabuni unipigie wimbo wako."

Alikaa kwenye piano. Nikasimama nyuma yake na chaki, na kila kibao alichokigusa nikakitia alama. Sauti ilikuwa kama debe la misumari, lakini sikuwa nasikiliza, nilikuwa nahesabu. Wimbo mzima ulichukua dakika mbili, na vibao vyake vilikuwa thelathini na moja. Nikamwambia, "Hivi tutavitengeneza. Vingine vyote usiviguse, hata kwa kiwiko."

Mnaocheka, jifunzeni hapo. Fundi anayesema naweza kila kitu atakuaibisha. Nunueni kazi ya yule anayewaambia kitakachobaki kibovu.

Nilianza na Selemani palepale. Alikuwa fundi kweli kweli. Nilimwonyesha pini moja, ya pili akaifanya vizuri kuliko mimi. Tulilegeza uzi, tukatoa pini, tukafuta tundu kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka kikavu, tukaweka msasa, tukapigilia, na nyundo zake tukazifuta grisi. Kila pini aliyoichomoa aliitazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha mbaya.

Na kwa kuwa niko hapo, wenye piano nisikilizeni. Msiiweke dirishani ipigwe na jua la mchana, wala kwenye ukuta unaovuja. Upepo wa kiangazi wa Hanang unakausha mpaka maneno mdomoni, na ubao ukikauka unapasuka. Basi wekeni kopo la maji ndani, chini, mbali na nyuzi, na mkumbuke kulijaza. Juu yake msiweke chungu cha maua, hata kama bibi arusi ameomba. Fungueni mara kwa mara mkague panya na nondo, kwa sababu nondo anapenda ile sufu ya nyundo kuliko sweta lako. Ipigeni. Piano inayofungwa kama kabati la vyombo vya wageni inakufa kwa heshima zote. Na ikilia kwii, mwiteni mtu. Mafuta kaangieni vitumbua.

Siku ya Jumatano nilianza kutuni zile ambazo zilikuwa tayari. Kutuni ni kupiga sauti moja mara mia. Ting. Ting. Ting. Madirisha yalikuwa wazi, na upande wa jikoni kulikuwa na akina mama wa Kidatoga walioleta maziwa ya nyumba ya wageni. Mmoja wao, bibi mrefu, vazi la ngozi, bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, akaja akasimama mlangoni. Nikamwamkia, shikamoo. Akaitikia, akaendelea kunitazama.

"Wewe unapiga moja tu," akasema. "Tangu asubuhi. Hujui nyingine?"

"Najua, bibi. Lakini hii ndiyo kwanza imekaa sawa."

"Haijakaa. Inatetemeka."

Nikageuka. Mimi nilikuwa nimeshaiacha ile sauti nikiona imetulia. Nikaipiga tena nikaweka sikio karibu. Kwa mbali, kwa mbali sana, wa... wa... wa. Sista mwenyewe angeipitisha.

"Umesikiaje, bibi?"

"Ng'ombe wangu wana kengele. Nikiwa nyumbani nasikia nani amebaki nyuma." Akaingia, akakaa chini, akanyoosha miguu. "Piga."

Jina lake lilikuwa Udaweda. Alikaa pale siku zile zote. Mimi nikizungusha, yeye anasema "bado," "bado," kisha anainua kidole kimoja, na hapo kweli imetulia. Nimefanya kazi hii karibu maisha yangu yote na sijakutana na sikio kama lile. Halikuwa na cheti.

Nilimwuliza kwa nini haendi nyumbani mapema. Akaniambia nyumbani ni mbali siku hizi. Zamani njia ya kwenda majini ilipita pale pale, akanionyesha kwa kidevu, katikati ya ngano. Shamba lilipolima njia, ng'ombe wakawa wanazunguka nje yote, siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, na kiangazi kile ndama wake wanne walikuwa wamelala njiani hawakuamka. Aliyekatiza alikamatwa yeye na mifugo yake. Wanaume walikuwa wameandika maombi. Waliambiwa watasoma risala yao mbele ya mgeni Jumamosi.

Nikaenda nikaangalia ratiba ilivyobandikwa mlangoni mwa klabu. Mapokezi. Ngoma. Taarifa ya Meneja. Burudani ya piano, dakika ishirini. Chakula. Risala ya wananchi haikuwepo. Nikamwuliza Selemani, naye akaangalia pembeni.

"Ilikuwepo," akasema. "Hapo kwenye piano."

Yaani nilikuwa nimechukuliwa kwa Land Rover kutoka Mbulu, nimekula nyama ya shamba siku nne, ili nitengeneze kizibo cha mdomo wa watu. Siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Niliogopa. Niliwaza kuvunja nyuzi mbili tatu nikasema bahati mbaya. Lakini mkono ulikataa. Nilichofanya ni kidogo tu. Nilimwendea Meneja nikamwambia kwamba mtambo ule ni dhaifu, nahitaji kukaa karibu nao siku ya sherehe, mimi na msaidizi wangu. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuinama mbele ya kioo, akasema sawa. Karani akatuandikia utepe wa kifuani: "Fundi." "Msaidizi wa Fundi."

Jumamosi wananchi walipangwa barabarani, wakacheza, wakashukuriwa, wakaambiwa waende nyumbani. Wazee wenye karatasi yao ya risala walibaki nje ya uzio. Ndani ya klabu kulikuwa na wakubwa wa wilaya, soda, na vitambaa vya meza. Mimi nilikaa pembeni ya piano nikiwa na spana mapajani. Bibi Udaweda alikaa karibu yangu na vazi lake la ngozi na utepe wake wa serikali. Hakuna aliyethubutu kumwuliza, maana alikuwa na utepe.

Mgeni alikuwa mzee wa miwani, mpole, aliyewahi kuwa mwalimu. Meneja aliinama, akaketi, akapiga. Nasema ukweli, vile vibao thelathini na moja viliimba. Watu walipiga makofi. Ilikuwa dakika ya pili. Akapiga tena. Makofi yakapungua. Akapiga mara ya tatu, na mkubwa mmoja wa wilaya akaanza kuimba pamoja naye, kwa kuwa sasa aliujua.

Mgeni akasimama. "Meneja, pumzika kidogo. Mimi nilifundishwa piano nikiwa shule ya misheni. Nipishe niwapigie hata wimbo mmoja wa kanisani."

Meneja aligeuka rangi. "Mheshimiwa, mtambo una joto sasa..."

Mheshimiwa alikuwa ameshakaa. Mkono wa kulia ulianza vizuri. Mkono wa kushoto ukashuka kule ambako mimi na Selemani hatukufika, na ikatoka sauti kama tangi la maji linaloburutwa juu ya mawe. Akasimama. Akajaribu tena, polepole. Tangi likaburutwa tena.

"Nani fundi wa kitu hiki?"

"Ni mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kimepatwa na nini?"

Meneja akawahi. "Mheshimiwa, kuna hujuma tunaichunguza. Ripoti ya fundi ipo."

"Ipo," nikasema, nikaitoa mfukoni. Nilikuwa nimeiandika asubuhi ile. Mgeni akaichukua, akaweka miwani sawa, akasoma kwa sauti ya mwalimu:

"'Piano hii imeharibika kwa kutunzwa kikamilifu. Imetiwa grisi kila baada ya muda uliopangwa, kwa ratiba yenye saini ya Meneja. Mafundi wa karakana hawakukiuka agizo hata moja.'"

Yule mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa tai. Wakubwa wa wilaya walipoona anacheka, nao wakacheka, wengine kabla hawajaelewa. Selemani alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Na ule wimbo wa mwanzo uliimba vipi?"

"Tulitengeneza sauti zile tu ambazo Meneja anazijua, mzee."

Hapo hata wapishi walicheka. Mgeni alipotulia akamwona bibi Udaweda, akasoma utepe wake.

"Na mama huyu ni msaidizi wako?"

"Ndiye mwenye sikio. Mimi nazungusha, yeye anasikia."

"Unasikia nini, mama?"

Aliuliza kwa mzaha kidogo, kama mnavyomwuliza mtoto. Bibi Udaweda alisimama. Bangili zililia. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila haraka.

"Nasikia ng'ombe wangu wana kiu. Njia ya maji iko ndani ya ngano yako. Ndama wanne wamekufa. Wanaume wana karatasi, wako nje, wamenyimwa kuingia. Mimi nimeingia kwa sababu ya hii." Akashika utepe. "Tupe njia. Hatutaki ngano. Njia tu, ng'ombe wapite, wanywe, warudi."

Akakaa.

Sasa hakuna aliyecheka. Mgeni alimtazama Meneja.

"Kwa nini risala ya wananchi haimo kwenye ratiba?"

"Muda, Mheshimiwa."

"Muda wa kupiga wimbo mmoja mara tatu ulipatikana."

Akaagiza wazee waingie. Walisoma risala yao yote, kurasa tatu, wakiwa wamesimama mbele ya piano, na chakula kikapoa. Mgeni akaandika kwenye kijitabu chake, akasema neno ambalo ninyi pia mnalijua: "Nitalishughulikia."

Nilirudi Mbulu Jumapili. Selemani alinisindikiza mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Mwisho akasema, "Dada Veronika, ile ripoti yako..." Nikamwambia aende akale, hajala tangu jana.

Lile neno lilishughulikiwa kama maneno hayo yanavyoshughulikiwa. Ilikuja kamati ikapima njia kwa hatua. Ikaja kamati nyingine ikaipima kwa kamba, kwa kuwa hatua za kamati ya kwanza zilikuwa ndefu. Ikatoka barua kwamba suala liko katika hatua za mwisho, na nadhani liko huko hadi leo. Meneja alihamishiwa makao makuu, ofisi kubwa zaidi, ambako nasikia alitengeneza ratiba. Shule moja upande wa Gitting ilipewa ile piano, na nilikwenda huko mara nyingi mpaka nikamaliza pini zote.

Katika safari mojawapo ya kwenda Gitting, msimu uliofuata, gari lililonipa lifti lilipita shambani. Ngano ilikuwa imeshafika kiunoni. Nikaona katikati yake mstari mpana ambao haukulimwa, udongo mtupu na majani makavu, umenyooka kama barabara kuelekea majini. Nikaomba dereva asimame. Selemani alikuwa pale na trekta mbili za kupulizia dawa, amevaa ovaroli yake ya pasi, anafuta mikono.

"Kaka, hapa vipi? Barua imetoka?"

"Barua gani?" akasema. "Wakati wa kulima, hapa plau zinapata hitilafu. Kila trekta ikifika hapa, dereva lazima ainue plau akague. Akishavuka anaishusha."

"Kila trekta?"

"Nimeandika kwenye kadi zote. Nimepiga mhuri. Wakaguzi wamekuja mara mbili, wamesifu."

Kengele zilianza kusikika, moja kubwa na nyingine nyingi nyembamba, na vumbi likainuka upande wa malisho. Ng'ombe walikuja kwa mstari katikati ya ngano ya serikali, wananusa hewa, wanaharakisha. Nyuma yao nilimwona bibi mrefu mwenye vazi la ngozi. Hakutuona. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Selemani akatoa kalamu, akaangalia saa yake, akaandika kwenye kadi: "Mtambo umesimamishwa. Matengenezo ya kawaida." Kisha akawapungia mkono madereva wake wazime injini, ng'ombe wasishtuke.